UZI: Tunarekodi kipindi chetu cha kukagua magari, washkaji wanne na simu mbili. Mwenye kutaka kuanza apite hapa

Usukani wa Kulia (mwanzisha uzi):

Wakuu, habari za mihangaiko. Kuna watu wananifuata pembeni kuuliza tunarekodije kile kipindi chetu cha kukagua magari, mimi na washkaji zangu wa Mbezi. Kujibu mmoja mmoja kunachosha, naweka mambo yote hapa. Link siweki, wasimamizi wa jukwaa wasije wakasema najitangaza.

Tuanze na wazo lenyewe, maana wengi wanarukia kamera kabla hawajajua watasema nini.

Uchambuzi mwingi wa magari mtandaoni ni wa gari jipya. Mzungu anafungua mlango, anasifia plastiki za dashibodi, anakuonyesha pa kuweka kikombe cha kahawa. Sawa, huko kwao gari linanunuliwa jipya. Sasa njoo kwetu. Toyota IST ya kwanza ilianza kuuzwa Japani 2002 ikaishia 2007. Anayeichukua leo kwenye yadi Kinondoni anachukua gari lenye umri wa mwanafunzi wa kidato cha nne au zaidi. Huyo hana shida na kikombe. Anataka kujua bushi za mbele zitamfikisha wapi kwenye barabara za ndani za Goba, spea Ilala ziko za aina ngapi na ipi ni feki, ikibeba watu watano na AC imewashwa inapandaje kilima, na siku akikwama kimaisha ataiuza kwa muda gani. Maswali hayo mzungu hawezi kumjibu, hata awe na studio ya bilioni.

Kwa hiyo sisi magari mapya hatugusi. Tunakagua yaliyokwisha kuliwa na barabara: IST, Passo, Noah old model, RAV4 Kilitime, Harrier tako la nyani, Probox, Kirikuu (kile kipikapu kidogo). Gari ambalo kila mtaa lipo moja ndilo lenye watazamaji, kwa sababu anayelimiliki anataka kusikia unalisema nini na anayelitamani anataka kujua kama watu wanamdanganya.

Magari tunayapata wapi? Tunaazima. Shemeji, mjomba, jirani, mwalimu wa zamani. Masharti yetu ni haya: mwenye gari awemo ndani siku ya kurekodi, mafuta tunaweka sisi, na kabla ya yote tunaangalia bima. Wengi wana bima ndogo, na bima ndogo inamlipa uliyemgonga tu. Ukipasua bampa la shemeji kwenye nguzo, hapo ni wewe na shemeji na dada yako katikati. Gari lenye bima ndogo tunaliendesha kwa adabu, tena mwenyewe ndiye anashika usukani sehemu za hatari.

Yadi nazo zinatukaribisha sana. Tahadhari: mwenye yadi akikupa gari urekodi, ukisema stelingi inavuta kushoto hutarudi tena hapo. Sisi yadi tunakwenda kuonyesha gari linafananaje, basi. Maksi hatutoi.

Sasa vifaa. Simu mbili za kupigia picha, tripodi moja, maiki mbili za waya za kubana kwenye kola kutoka Kariakoo, ambazo kwa pamoja bei yake haifiki nusu tenki ya IST. Komputa ya mmoja wetu ina DaVinci Resolve ile ya bure. Siku nyingine tunaediti kwa CapCut kwenye simu na hakuna aliyewahi kulalamika.

Sauti ndiyo kila kitu. Narudia kwa sababu najua mtapuuza: picha mbaya mtu anavumilia, sauti mbaya anafunga. Ukirekodi nje Coco Beach, upepo wa bahari unakula maneno yote. Ndani ya gari ndiko studio yako: vioo juu, viti vya kitambaa vinameza mwangwi, maiki iko karibu na mdomo. Tatizo ni AC. Feni yake inaingia kwenye maiki kama mvua ya bati, kwa hiyo ukizungumza lazima uizime. Dar, Januari, vioo juu, AC imezimwa, watu watatu ndani. Mkiona mwenzetu anang'aa paji la uso msidhani ni mafuta. Tunazungumza kwa vipande vifupi, tunafungua milango, tunapumua, tunarudi.

Kila mwenye maiki anarekodi sauti yake kwenye simu yake iliyo mfukoni, na mwanzo wa kila kipande mtu anapiga kofi moja mbele ya kamera. Ukiediti unatafuta lile kofi kwenye sauti na kwenye picha, unayakutanisha, kazi imekwisha.

Mwanga: kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri jua letu linakaa utosini. Gari jeupe linawaka halionekani umbo, gari jeusi linakuwa kioo cha kumwonyesha mpiga picha. Tunarekodi nje saa moja hadi saa tatu asubuhi, au baada ya saa kumi na nusu. Katikati hapo tunafanya mambo ya ndani na ya chini ya gari. Halafu kuna hili: jua likiwa kali simu inafungua na kufunga shata haraka mno, gari linapita lakini rimu zinaonekana zimeganda kama limebebwa. Tumia programu ya kamera inayokuruhusu kushika shata kwenye moja ya hamsini ya sekunde, na mbele ya lenzi weka miwani ya jua ile inayokata mng'ao. Inapunguza mwanga, tena inaondoa ule uakisi wa mawingu kwenye kioo cha mbele, unamwona dereva vizuri.

Mafuta sasa, maana hakuna swali linaloulizwa kuliko hili. Msiamini kile kinachosomeka kwenye dashibodi, na mwenye gari msimwamini kabisa. Kila mwenye IST anakwambia lita moja inakwenda kilometa ishirini. Jazeni tenki hadi bomba lijikate lenyewe, msiongeze hata kidogo. Rudisha tripu, kile kihesabu cha kilometa za safari, kwenye sifuri. Tembeeni. Rudini kwenye pampu ileile, jazeni hadi lijikate tena, gawanya kilometa kwa lita zilizoingia. Tuseme mmetembea 210 na zimeingia 15, hiyo ni 14 kwa lita. Safari ndefu ndiyo inayotoa jibu la maana. Ubungo hadi Chalinze na kurudi ni kama kilometa 200. Ya mjini pimeni peke yake, mkiwa na foleni ya Mwenge jioni, msiichanganye na ya barabara kuu.

Mwisho ni watu. Mmoja anaendesha, mmoja anauliza, mmoja anashika kamera, mmoja ni fundi. Hatuandiki maneno ya kukariri. Mtu akikariri anakuwa msoma taarifa ya habari. Tunakubaliana maswali tu, na tunakubaliana kwamba kubishana ruksa. Mshkaji wetu mmoja anapenda Mark X kupita kiasi, fundi wetu haipendi kwa sababu ya ile injini yake ya D4, inayopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda. Wakikaa viti vya mbele pamoja sihitaji kuandika chochote, nazima simu yangu nyingine nawaacha. Sehemu ya mabishano yao ndiyo inayorudiwa kutazamwa kuliko zote.

Nawasilisha. Maswali ruksa.

Bando Limeisha:

Uzi bila picha ni chai tu, yaani hadithi ya uongo. Weka picha mkuu.

Fundi Chini ya Mwembe:

Mwanzisha uzi umeongea vizuri, ila mimi kama fundi naona vipindi vyenu vingi vinaishia kwenye rangi na viti. Gari linajulikana chini na linajulikana likiwa baridi.

Mwambieni mwenye gari asiliwashe asubuhi hiyo kabla hamjafika. Likiwashwa baridi ndipo linasema ukweli: mlio wa cheni, injini kutetemeka, moshi. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa. Mweupe mwembamba unaotoweka baada ya muda ni mvuke tu, lakini ukiendelea na maji kwenye rejeta yanapungua, hapo gasketi inawaita. Wekeni kamera nyuma ya ekzosti kabla ya funguo kugeuzwa, watazamaji wataelewa bila maneno mengi.

Kisha katisheni usukani hadi mwisho, gari litembee polepole sana, kimya ndani. Ikilia ta-ta-ta-ta upande wa gurudumu, joint ya ekseli imechoka. Rudieni upande wa pili. Hilo jaribio linahitaji uwanja mdogo tu na ni bure.

Na kilometa. Kile kisomeo kinarudishwa nyuma mchana kweupe. Onyesheni mpira wa pedali ya breki, ngozi ya usukani upande wa kulia, na pembeni ya kiti cha dereva pale mtu anapotelezea akishuka. Gari lililoandikwa kilometa 68,000 na pedali imekuwa laini kama sabuni iliyotumika, mjue kuna mtu kacheza.

Kuhusu IST: msiwatishe watu na mkanda wa taimingi, injini zake, 1NZ na 2NZ, zote ni za cheni. Mwenye Noah ya injini ya 3S ndiye aulize mkanda ulibadilishwa lini.

Usukani wa Kulia:

Fundi, hiyo ya moshi nimeinyakua. Tumekuwa tukiweka kamera mbele kwenye boneti muda wote.

Mwana Passo:

Habari zenu kaka zangu. Mimi natazama sana hivi vipindi na nina Passo ya usajili wa namba D. Naomba niseme kitu mtanisamehe. Mnakaa wanaume wanne mnabishana nguvu za farasi za gari ambalo kazi yake ni kupeleka watoto shule na kwenda Mabibo sokoni. Nani aliwahi kuonyesha buti la Passo likiwa na gunia la mkaa, ndoo mbili na begi la mtoto? Nani alimkaza mtoto kwenye kiti cha nyuma akaonyesha mkanda unafika au haufiki? Mimi ni mfupi, nataka kujua nikikaa kwenye Harrier naiona pua ya gari au naikisia.

Na gereji. Tukienda wanawake tunaambiwa kila kitu kimekufa. Kipindi kimoja kinachoonyesha shokapu nzima inafananaje na iliyokufa inafananaje kitatusaidia kuliko hayo mambo ya spidi.

Usukani wa Kulia:

Dada, hoja imepokelewa yote. Buti tunalifungua, tunasema "ni kubwa kiasi", tunafunga. Kuanzia sasa litapakiwa vitu.

Dalali Mstaafu:

Mnasahau bei, na bei ndiyo inayomleta mtu kutazama. Mwambieni mtazamaji gari limefikaje kwenye bei hiyo, maana wengi wanadhani dalali ndiye mwizi. Kuna ushuru wa forodha asilimia 25. Kuna ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini: hadi cc 1000 ni sifuri, kuvuka hapo hadi 2000 ni asilimia 5, juu ya 2000 ni 10. Kuna ile tunayoita kodi ya uchakavu, inaanza gari likipita miaka minane na inapanda likipita kumi. Halafu VAT asilimia 18 inapigwa juu ya mrundikano huo, pamoja na tozo ndogondogo.

Sasa ona Passo ya cc 996. Ule ushuru wa ukubwa wa injini hauigusi, wakati IST ya 1300 na ya 1500 zote zinaguswa. Hicho peke yake ni kipindi kizima: magari mawili yanayofanana kwa macho, kwa nini bei bandarini si moja. Mamlaka ya mapato, TRA, wana kikokotoo mtandaoni, mnarekodi kioo cha simu mkiingiza modeli na mwaka, mtazamaji anajionea.

Jirani wa Rongai:

Niaje wakuu, nawasalimu kutoka Nairobi. Huku kwetu hiyo IST ya kwanza huwezi kuileta tena, sheria ni gari isizidi miaka minane tangu isajiliwe mara ya kwanza. Kwa hivyo ile mnakagua kama gari ya sasa, huku ni ile imeshapita mikono ya watu watano. Lakini hoja yenu ni sawa kabisa. Probox huku ni mfalme, inabeba miraa, inabeba abiria, inabeba mbuzi, na bado ukitafuta mtu amekaa chini akaieleza vizuri kwa Kiswahili humpati. Ni Kiingereza tu na muziki mwingi.

Swali langu: mnafanyaje na ile redio ya Kijapani? Mimi najua inashika stesheni chache, na kuna mwanamke ndani anaongea kila ukiwasha gari.

Usukani wa Kulia:

Jirani karibu sana. FM ya Japani enzi za magari haya ilikuwa 76 hadi 90, sisi stesheni zetu ziko 88 hadi 108, kwa hiyo unabakiwa na kipande kidogo hapo chini. Watu wanafunga kile kiboksi cha kuhamisha masafa nyuma ya redio, ni rahisi, ila sauti si safi sana. Wengine wanang'oa redio nzima wanaweka ya Android.

Yule mama analalamika kwamba kadi ya kulipia barabara za kwao haijaingizwa. Tumemweka kwenye mwanzo wa kila kipindi, ndiye mtangazaji wetu wa kwanza na halipwi.

Mzee wa Tochi:

Vijana, mimi ni dereva wa siku nyingi. Nimesoma nikafurahi, lakini sijaona mtu anaongelea barabara yenyewe. Mnarekodi mkiwa mwendo, siku mkijisahau mkapandisha video mshale unasoma 140 kwenye barabara ya Morogoro, mmejiandikia ushahidi wenyewe. Penye makazi ni 50, na pale ndipo tochi ya askari ya kupimia spidi hukaa, nyuma ya mti au mtu kakaa kwenye kiti cha plastiki hana habari na nyinyi. Faini elfu thelathini, na hiyo ni kama mmepata mwenye roho nzuri.

Anayeendesha asizungumze na kamera. Macho yake yako barabarani. Anayezungumza ni wa pembeni. Na mtu asichomoze kiwiliwili dirishani kupiga picha gari la nyuma, nimeona hayo Kibaha, nilitamani nishuke nimchape.

Usukani wa Kulia:

Shikamoo mzee. Dereva wetu haangalii kamera, na spidi hatujaribu. Kisomeo cha gari nyingi za Japani kinaishia 180 na kila wiki kuna kijana anaandika kwenye komenti "mbona hamuifikishi?" Hatutaifikisha. Tunapima kitu kingine: kutoka 40 hadi 80 inachukua sekunde ngapi gari likiwa na watu wanne, kwa sababu hapo ndipo unapolipita lori la simenti. Tunakifanya kwenye kipande kirefu kilicho wazi, mchana, nyuma hakuna mtu. Kikiwa na gari mbele tunaacha.

Bando Limeisha:

Chukueni droni basi muwe kama wa majuu. Hizi za kushika simu zimepitwa.

Usukani wa Kulia:

Mkuu, droni hapa si kununua na kurusha. Kuna kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, TCAA, na sehemu kubwa ya Dar iko karibu na uwanja wa ndege, bandari au kambi ya jeshi. Gharama ya kulala kituoni hatuna. Picha ya juu tunapanda daraja la watembea kwa miguu, gari linapita chini, mtu anaridhika.

Na kwa kuwa umegusa vibali: wenye kutaka kuanza waangalie na mamlaka ya mawasiliano, TCRA. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 ndizo zilizoleta ile leseni ya milioni moja kwa mwaka iliyowafanya wengi wafunge blogu zao. Zikaandikwa upya 2020, zikarekebishwa 2022, na leseni ikaelekezwa zaidi kwa wanaotoa habari. Kukagua Passo ya shangazi si habari, lakini siku mkianza kuripoti ajali na mambo ya barabarani mmeshavuka kwenda upande mwingine. Ulizeni mapema.

Dalali Mstaafu:

Je, hela ipo? Maana muda mnaotumia ni mwingi.

Usukani wa Kulia:

Kwa YouTube unahitaji watu 1,000 waliojisajili na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi kumi na miwili ndipo matangazo yaanze kukulipa. Video ya dakika nane ikitazamwa nusu, piga hesabu mwenyewe ni watu wangapi. Tukifika tutafika. Kwa sasa kinachorudi ni gereji kutupa nafasi ya kunyanyua gari bure, na sisi tunasema wazi kwenye video kwamba tumenyanyuliwa bure. Duka la spea lililotaka tuseme shokapu zake ni orijino tuliliambia fundi azifungue kwanza. Halikurudi.

Kitu kimoja kuhusu muziki: Bongo Fleva ukiuweka nyuma ya video, mfumo wa YouTube unautambua, na hata hiyo hela ndogo inakwenda kwa mwenye wimbo. Ni haki yake. Wao YouTube wana maktaba ya miziki ya bure, sisi tunatumia ngoma moja ya humo, na kijana wetu mmoja anapiga gitaa vibaya kwenye mwisho.

Mwana Passo:

Kaka, sasa mimi gari langu si mnaweza kulikagua? Bima ni kubwa. Nina mtoto wa miaka mitatu na nyanya za kupakia.

Fundi Chini ya Mwembe:

Mkienda kwa huyo dada niiteni, nakuja na jeki yangu. Passo za namna hiyo nazijua mlio.

Usukani wa Kulia:

Dada, tumekubali, na swali la gereji utauliza wewe mwenyewe, sisi tutashika kamera. Jumamosi saa moja asubuhi. Nakufuata pembeni unielekeze ulipo. Tafadhali usiiwashe kabla hatujafika, fundi anataka kuisikia ikiwa baridi. Na buti usilisafishe.